Remigius Tesha, Aliyekiamkia Kipandio Kibovu

Baba paroko, ndugu, jamaa na majirani, pamoja nanyi wa ofisini mliojibanza kule kwenye mibuni, familia imenituma mimi Kastori, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu, nami nitayasoma yote.

Remigius Fabian Tesha alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1951 hapa Kirua Vunjo, siku ya mtakatifu ambaye yeye alipewa jina lake, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Fabian na mama Avelina, ambaye tunaye hapa. Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1970, na kote huko alichapwa zaidi kwa kuwachekesha wenzake kuliko kwa kukosa hesabu.

Tarehe 4 Machi 1974 aliajiriwa ukarani katika shirika moja la umma mjini Moshi, ambalo familia imeamua lisitajwe jina, maana wenyewe wapo na wanajijua. Tarehe 7 Januari 1978 alifunga ndoa na Zita katika parokia yetu, wakajaliwa watoto watatu, Hilda, Primus na Evelyn.

Kazi aliipenda, ofisi ndiyo iliyomkosea. Mageuzi yalipokuja wenzake walipunguzwa, kazi zao akarundikiwa yeye, simu ikafungwa kufuli, ufunguo wa choo ukahamia kwenye droo ya meneja, na meneja mwenyewe akawa anashinda Shirimatunda akisimamia ujenzi wa nyumba yake. Masika ya mwaka 1988 kipandio kimoja cha ngazi ya mbao kikaoza, marehemu akaomba fundi, akajibiwa kibali kinatoka Dar es Salaam, akaomba tena, akaambiwa asubiri wawekezaji. Basi akakipandisha cheo, akakiita Mkuu wa Idara, kwa sababu, alisema, hicho angalau kipo kazini siku zote, ila nacho ukikitegemea unaumia. Kila asubuhi alisimama, akakipa shikamoo, akakiruka, na ofisi nzima ikamwiga, hata mama wa chai, wakicheka, na kwa miaka minane hakuna aliyeteguka hata kidole.

Mwaka 1996 meneja akasikia, akadhani anasemwa yeye, akampa marehemu onyo la maandishi na kupiga marufuku kuamkia ngazi, lakini fundi hakumleta. Mzaha ulifukuzwa kazi, uozo ukabakizwa.

Jumanne tarehe 12 Agosti 1997, Rachel, karani mgeni, alikuwa anashuka na mafaili yamemfika kidevuni, naye hakuna aliyemwambia habari za kipandio kile, kwa kuwa watu walishaogopa hata kukitaja. Akakikanyaga, kikavunjika. Remigius alikuwa anapanda, akamdaka, binti akapona, yeye akaanguka chali hadi sakafuni. Gari la ofisi lilikuwa uani, funguo zilikuwa Shirimatunda na meneja, kwa hiyo kaka yetu alifikishwa hospitali kwa pikapu ya muuza ndizi, akafariki alfajiri ya Jumatano tarehe 3 Septemba kwa majeraha ya kichwa.

Juzi ofisi ilituma mtu kutuomba tuseme aliugua ghafla. Hakuugua, jamani. Ameuawa na uzembe, tumekasirika, na hatuoni aibu kulisema hilo mbele ya jeneza lake.

Leo asubuhi meneja alikuja na jani la isale, akampa mjane kwa mikono miwili, na sisi tuliozaliwa mlimani tunajua kwamba anayekuja na isale kuomba radhi harudishwi, hata awe adui. Mama Hilda akalipokea, akamwambia, "Nimekusamehe, mila yetu hainiruhusu kukataa. Sasa kaa mbele, usikilize yote." Ndiyo maana mnamwona pale, kwenye benchi la wafiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliochimba kaburi na kupika, muuza ndizi aliyekataa nauli, na wafanyakazi wenzake, hasa Rachel, ambaye tunamwomba asijilaumu, kosa si lake.

Kaka Remigius, tumesamehe, ila kucheka bado hatujaweza. Wewe pumzika kwa amani.