Machale Anakunja Turubai la Mwisho

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, msimamizi wetu wa maturubai anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufunga kamba, kupigilia vigingi na kutabiri mvua. Kamba na vigingi alivimudu kuliko mtu yeyote. Hiyo mvua tutaieleza.

Alianza kazi hapa akiwa mpakizi wa viti. Wiki ya kwanza tu, lori likitaka kutoka kwenda kwenye mahafali ya shule, alisimama getini na kutangaza kwamba machale yanamcheza: leo hakuna mvua, maturubai ya nini? Tukamwamini, maana alisema kwa sauti ya mtu mzima. Saa sita mchana mwalimu mkuu alikuwa anatoa hotuba akiwa chini ya meza. Toka siku hiyo jina lake la kuzaliwa linajulikana na ofisi ya mishahara peke yake. Sisi wengine tunamwita Machale.

Jamani, mtu huyu alikosea! Akihisi kiangazi, tuliogelea. Akihisi gharika, jua la utosi. Aliwahi kuhisi kwamba mke wa dereva wetu atajifungua mtoto wa kiume, akakimbia kununua kaptula. Wakazaliwa mapacha, wote wa kike.

Mhasibu wetu, ambaye kwa bahati mbaya ndiye mwandishi wa wasifu huu, haamini mambo ya kuhisi. Anaamini hesabu, na hesabu ilimwonyesha kwamba mtu anayekosea kila mara ana faida sawa na anayepatia kila mara, ilimradi umgeuze. Basi ofisi nzima ikaanza kumgeuza kimyakimya. Machale akisema kavu, tunapakia maturubai. Akisema mvua, tunayaacha. Wateja wakatusifu hadi tukaona haya, na Machale akatunukiwa cheti cha mfanyakazi bora mara tatu. Alivitundika vyote sebuleni, akawaambia wajukuu kwamba akili ni nywele, lakini machale ndiyo kichwa chenyewe.

Siri ilitobolewa na mama wa chai, ambaye mdomo wake hauna kufuli. Machale aliumia, tena aliumia kweli. Kwa wiki nzima hakuhisi chochote kwa sauti. Ukimuuliza habari za mawingu, anakwambia kaulize hesabu zako.

Na hapo ndipo binti pekee wa mhasibu alipotaka harusi yake ifanyike uwanjani, juu mbingu tupu, turubai hataki hata kulisikia. Mhasibu akajipendekeza kwa Machale na soda baridi. Machale akainywa yote, akajibu kwa upole kwamba haitanyesha.

Haya sasa! Kama amesema alichohisi, itanyesha. Lakini anajua kwamba huwa anageuzwa, kwa hiyo huenda naye amegeuza, basi haitanyesha. Ila anajua kwamba mhasibu anajua kwamba anajua! Mhasibu alipiga hesabu hadi akameza vidonge vya kichwa, kisha akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya zamani: alikwenda stoo, akaketi juu ya rundo la viti, akaomba radhi. Habari ya mvua hakuigusa tena. Aliuliza tu, angekuwa binti yako, kaka, ungefanyaje?

Machale alisema angefunga turubai. Mvua isiponyesha, watu watapata kivuli. Miaka yote hiyo, kampuni nzima ya maturubai, hakuna aliyewahi kufikiria kivuli.

Tone halikudondoka. Jua liliwaka hadi keki ikainama, na bibi harusi asiyetaka turubai ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia chini yake, viatu mkononi. Je, Machale alihisi kweli, au aligeuza? Tumembembeleza hadi leo. Anacheka tu, kisha anaomba soda nyingine.

Asante, kaka, kwa mikono iliyosimamisha paa juu ya furaha na misiba ya watu, na kwa kutusamehe ujanja wetu. Tunakuombea afya, usingizi mnono na wajukuu wanaosikia.

Wiki hii amepita meza hadi meza akitwambia machale yanamcheza kwamba mwezi ujao hautaisha kabla hatujamsahau. Ndugu yetu, rekodi yako unaijua mwenyewe. Kaishi kwa raha.