Waya za Mwalimu Otiende

Mwaka wa 2004 benchi ya Kavutha ilikuwa pale Kitengela, nyuma ya stage ya magari ya Kajiado, katikati ya duka la agrovet na ukuta wa kanisa. Kavutha aliuza kahawa na mandazi, sisi tuliuza maneno. Kulikuwa na Githongo, tuliyemwita Daktari kwa sababu alichuuza dawa za ng'ombe. Kulikuwa na Sironka, Chairman asiye na kamati. Kulikuwa na mimi, na Mwalimu Otiende, ambaye kila akifungua mdomo aliufunika kwa kiganja, maana meno yake ya juu yalikuwa yametoka nje sana. Ijumaa hiyo ya likizo ya Agosti, kukiwa na baridi, alishuka kwa gari kutoka Nairobi. Alikuwa ameenda hospitali ya serikali kuomba waya za kunyoosha meno. Alivyokaa, tukajua amekataliwa.

— Sopa, Mwalimu, Sironka alimsalimia. Wamesemaje?

— Sikupita dirishani. Karani aliniuliza miaka, nikamwambia thelathini na sita. Akasema waya za serikali ni za watoto. Mtu mzima anatafuta urembo, aende private.

— Na private ukauliza?

— Niliuliza. Mshahara wa mwalimu haufiki huko.

Githongo alishika kikombe kwa mikono miwili.

— Mimi najua shida iko wapi. Hiyo waya haitoshi. Ikitoka ng'ambo, watoto wa wakubwa wanafungwa kwanza, inayobaki ndiyo inakuja kwa wananchi.

— Daktari, mimi nimewaona watoto wa kawaida pale, Otiende alisema.

— Hao waliwekwa ndio uwaone. Na tena hayo meno hukuzaliwa nayo hivyo. Ni maji ya borehole ya hapa Kitengela. Kama yanaweza kufanya meno kahawia, yanashindwa aje kuyasukuma?

— Mimi nimekunywa maji ya huku tangu nizaliwe, Sironka alisema. Hakuna jino limesukumwa.

— Wewe uling'olewa mawili ya chini ukiwa mtoto. Yakisukumwa, yanapata nafasi.

Sironka alilifikiria hilo, na nikaona limeanza kumwingia.

— Basi na yeye angeng'olewa. Kwetu watoto wote waling'olewa hivyo, ili mgonjwa akikaza taya apitishiwe maziwa kwenye hilo pengo. Ng'oa mawili, mengine yatarudi nyuma yenyewe.

— Serikali inajua hiyo, Githongo alisema. Inangoja afike miaka sabini yaanguke, iokoe waya.

— Si urembo, Otiende alisema.

Alilisema polepole, na hakuna aliyelishika. Githongo alikuwa ameshafika kwa waya za seng'enge, kwamba ni zilezile, zinapakwa tu rangi ya fedha.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja tusiyemjua. Baadaye alituambia anaitwa Nyaguthii, na kwamba alikuwa anangoja chakula cha vifaranga pale agrovet. Alimgeukia Otiende.

— Pole, Mwalimu. Walipoangalia ndani ya mdomo walisema nini?

— Hawakuangalia.

— Na nyinyi? alituuliza. Huko ndani kukoje?

Githongo alinitazama. Mimi nilimtazama Sironka. Tulikuwa tumekaa na huyu mtu miaka sita, na hakuna aliyewahi kumwangalia mdomoni. Kavutha aliweka birika chini.

Otiende aliondoa kiganja. Akainua kichwa kuelekea mwangaza, akafungua.

Meno ya chini yalikuwa hayakutani na ya juu. Yalikuwa yanapanda nyuma ya hayo ya juu na kuingia kwa nyama ya kaakaa. Yalikuwa yamechimba vidonda vyekundu, na kimoja kilikuwa na usaha. Ndiyo maana aliloweka mandazi mpaka yalainike. Sisi tulidhani ni mazoea ya utotoni, na tulimcheka.

— Nikisomea watoto imla, alisema, nikifika katikati mdomo umejaa damu. Nameza, naendelea.

Ni Sironka aliyeongea.

— Jumatatu tutaenda na wewe.

Na kweli walienda, wao wawili. Sironka alivaa shuka yake nzuri, akasimama kwa lile dirisha, akamwambia karani: mwangalieni kwanza ndani, halafu mkatae. Karani alienda kumwita daktari wa meno.

Waya Otiende hakupata siku hiyo. Jina lake liliwekwa nyuma ya watoto wote, na nilipohamia Kimuka mwaka wa 2007 alikuwa bado anangoja. Alichopata ni dawa ya vidonda na kipande cha plastiki cha kuvaa ndani ya mdomo, kwenye kaakaa, kuzuia meno ya chini yasimchome.

Walirudi jioni. Kavutha alikuwa amebakisha kahawa ya vikombe viwili, akawamiminia bila kuulizwa.

— Huyo daktari alikushughulikia vizuri? Kavutha alimuuliza Otiende.

— Vizuri. Aliniuliza kitu kimoja tu, nimekuwa na uchungu huu tangu lini.

— Ukamwambia?

— Nilitaka kumwambia. Nikaanza kulia, Kavutha, mtu mzima kama mimi, na daktari akavuta kiti akaningoja.