Migebuka ya Mke Mpya

Nilipanda bajaji ya Ujiji na akina mama wawili wasiojuana. Mmoja, aliyejitambulisha kama Yusta, alikuwa akisimulia chakula cha kwanza cha mke mpya wa shemeji yake. "Samaki wake wa migebuka walikuwa chumvi tupu, dada. Baba mkwe akaonja, akasema tamu. Wote kumi na mmoja tukasema tamu."

"Na wewe?"

"Mimi niliomba kuongezwa, na kipande cha pili nikakiona kitamu kweli." Hakuwa anatania.

Mwenzake aliguna. "Mnamharibu binti wa watu. Na huyo mzee alionja nini?"

"Mzee tangu augue hasikii ladha yoyote. Nyumba nzima tunajua."

"Sasa mlimfuata kwa nini?"

Bajaji ikasimama. "Leo anatupikia tena," alisema Yusta, akashuka kununua maji, chupa kubwa mbili.