Mzee Bonaventura na Mabawa ya Upinde

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi, Mzee Bonaventura anastaafu kazi ya ufundi wa pinde katika kambi yetu ya wageni hapa Kilwa Masoko. Kuanzia Julai mosi kazi hiyo ni yangu. Nimeombwa niandike maneno haya ya kumuaga kwa furaha, nami nitajitahidi, ingawa naogopa.

Mzee alikuwa fundi baiskeli Lindi. Kambi ilipoleta pinde za kapi ili wageni wacheze kulenga shabaha, zile zenye gurudumu dogo juu na chini, aliitwa kwa sababu alizoea nyaya na boliti. Tangu hapo, hakuna mgeni aliyeshika upinde kabla Mzee hajaujaribu kwa kupitisha mshale kwenye karatasi ya kalenda iliyobanwa kwenye fremu. Tundu likiwa la mviringo, upinde uko sawa. Karatasi ikichanika kwa upande, anasogeza kidogo sana egemeo la mshale, kisha anarusha tena. Mama Helena wa jikoni analalamika kwamba kalenda yake haijawahi kufika Desemba.

Zamani, vile vipande viwili vinavyopinda, cha juu na cha chini, viliitwa mikono. Wanasimulia kwamba siku moja msaidizi wake, Romani, alikuwa anakosa shabaha kwa kuubana upinde mno. Mzee akamwambia, "Legeza mkono." Romani akachukua spana, akalegeza boliti ya mkono wa juu wa upinde. Alipovuta uzi, upinde ukalia kwaa! Kipande kile kingechomoka kingempasua uso, na wageni walikuwa wamesimama nyuma yake. Mzee alimkumbatia kwa nyuma, akashika mikono yake, wakaurudisha uzi taratibu.

"Kuanzia leo haya ni mabawa," alisema, akigusa vile vipande viwili. "Mikono ni hiyo yako, bwege wewe!"

Kisa hicho kimeninyima usingizi tangu niajiriwe.

Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu yangu kujaribiwa. Karatasi ikachanika upande wa kushoto. Nikainama kuchukua spana, Mzee akaiwahi na kuitia mfukoni.

"Bawa halina kosa, mjukuu wangu. Unaogopa, ndiyo maana unabana. Karatasi inakuona."

"Siogopi, babu."

Nikarusha tena. Ikachanika vilevile. Akacheka mpaka akakohoa.

"Haya, ogopa. Lakini legeza."

Tundu la tatu lilikaribia mviringo. Akanipa spana, akaenda kunywa chai.

Mzee Bonaventura, asante kwa kila mgeni aliyerudi kwao na macho yake mawili. Asante kwa Romani, ambaye leo anacheka kisa chake. Mungu akujalie afya, na mikorosho yako ya shambani Mchinga izae vizuri. Julai mosi asubuhi nitaogopa, babu. Mkono nitaulegeza.