Mstari Mtupu Chini ya Jina la Binti Yangu

Mwangaluka wote. Wa Bwana asifiwe nimewasikia, wa asalaam aleikum nimewaitikia, na wazee wangu shikamooni. Mwenyekiti wa kikundi chetu kanisukuma nisimame, maana watu wanauliza kwa nini huyu mama, akisikia msiba hapa Kalangalala, anafika na ndoo ya maji na mzigo wa kuni kabla hata turubai halijafungwa. Wengine mnasema nina kiherehere. Ninacho, ni kweli, lakini kina sababu yake.

Sura yangu mnaifahamu. Mimi ndiye yule mama mkwe mkorofi wa kwenye tamthilia. Kuna muuza nyanya aliwahi kukataa kuniuzia kwa sababu nilimfukuza mkwe wangu kwenye runinga. Nilishazoea hayo.

Sasa, kwenye hiyo tamthilia kulikuwa na kijana anaigiza mwanangu wa mwisho. Siku moja akaniambia, "Mama, kuna filamu ndogo, vijana tu wamejichanga, inarekodiwa Kisumu. Mtoto ni mimi, wanatafuta mama." Hadithi yenyewe ni hii: mtoto wa kiume anampenda mwanaume mwenzake, mwenzake anafariki, kijiji kinagoma kuchimba kaburi. Mama wa huyo mtoto anachukua jembe anachimba mwenyewe. Nilisoma nikalia. Ndugu zangu, sikukubali kwa sababu nilikuwa nimeyaelewa mambo hayo. Mimi ni mtu wa kanisani, na mpaka sasa nikiyawaza kichwa kinazunguka. Nilikubali kwa sababu ya lile jembe.

Wakati huo naishi kijijini Didia kwa mama yangu mzazi. Nikaaga, nikakaa Kisumu wiki mbili, nikachimba kaburi la maigizo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nikiwa huko nikapata habari kwamba mzee jirani yetu, boma lake limepakana na letu, amefariki. Nikamtumia mjane rambirambi kwa simu, nikaona nimemaliza.

Niliporudi nikapita kwa yule mjane, nikamwamkia kama mama. "Mwangaluka, mayo." Akaendelea kufagia. Nikadhani hajasikia. Kisimani wanawake wakanipisha, wakaondoka na ndoo nusu. Ukiomba moto, hakuna moto. Na wiki hiyohiyo kipande cha ile filamu kikaanza kuzunguka kwenye simu, kimeletwa na wachimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo: mimi hapo nimemkumbatia yule kijana, nasema, "Wewe ni mwanangu." Nikasema basi, ndiyo hii. Nimetengwa kwa ajili ya filamu.

Wengine huanguka kwa pombe, mimi nilianguka kwa mdomo. Nilikwenda redioni nikasema nilidanganywa, sikuambiwa filamu inahusu nini, na yule kijana simjui wala sitaki kumjua. Nikarekodi na sauti, nikaisambaza. Haikupita muda akaondolewa kwenye tamthilia. Baba yake akasikia, akamwambia asikanyage kwake tena. Mimi nikabaki na kazi yangu. Na Didia hawakunisalimia vilevile! Nikachanganyikiwa kabisa. Nimemkana mtoto wa watu na bado hata kaa la moto sipewi. Sasa walikuwa wanataka nini?

Halafu mama yangu akafa.

Tukapiga yowe. Yowe la Usukumani mnalijua, mtu anaacha ng'ombe malishoni anakuja. Hakuja mtu. Kaka yangu, mgongo wake mbovu, akaanza kuchimba peke yake, anapiga jembe mara mbili anakaa chini. Mimi nimekaa na mwili wa mama, najiuliza atazikwa na nani. Niliona aibu mbele ya maiti ya mama yangu.

Kumbe binti yangu alikuwa amepiga simu bila kuniambia. Kesho yake saa tatu asubuhi wakashuka watu watatu kwenye basi: yule kijana na wenzake wawili wa maigizo. Akaja mpaka nilipokaa, akainama. "Shikamoo, mama." Akachukua jembe mkononi mwa kaka. "Pole, mama. Kaa tu. Wewe la kwako ulishachimba."

Wakachimba. Kijiji kinachungulia nyuso za kwenye runinga zimejaa udongo. Saa sita hivi akaja yule mjane, ndoo ya maji kichwani. Akaitua. Nikapiga magoti. "Mayo, nisamehe ile filamu."

"Filamu gani?"

"Ile ya kwenye simu."

"Ile niliiona, sikuielewa," akasema. "Mume wangu nilimzika wewe hupo. Ukarudi, hukuja kukaa na mimi hata siku moja. Ukanitumia hela kwenye simu, ukanisalimia kama mtu aliyetoka gulioni. Asiyezika hazikiwi. Tulikuwa tunangoja uje uulize faini yako."

Yule kijana alisikia. Akacheka mpaka akakaa juu ya udongo, halafu akaanza kulia. Akaniuliza, "Sasa, mama, mimi ulinikana kwa ajili ya nini?"

Swali hilo natembea nalo mpaka leo.

Wanaume wakaja na majembe yao, mama akazikwa jioni ile. Mimi nikatoa mbuzi wa faini, nikamchotea mjane maji siku saba. Kisha nikarudi redioni nikasema nilidanganya, hadithi niliisoma yote. Tamthilia wakanitoa na mimi. Ndiyo maana nikahamia hapa, na leo mnakula vitumbua vyangu.

Msidhani mambo yamenyooka. Mchungaji ananiambia hivi, moyo unaniambia vile. Na kule Didia nadhani wapo walionitenga kwa ajili ya msiba, na wapo walionitenga kwa ajili ya filamu wakajificha nyuma ya msiba. Sijui nani ni nani. Ninachoweza kuwaambia ni kimoja: ukiona umetengwa, nenda ukaulize kosa lako kabla hujamtupa mtu.

Namshukuru yule mjane, wabeja sana mayo popote ulipo. Namshukuru binti yangu kwa kupiga ile simu bila kuniuliza. Nawashukuru ninyi mlionipokea kwenye kikundi hiki cha kuzikana.

Nina neno la mwisho. Fomu yetu ina sehemu ya watoto, wale ambao wakifa kikundi kinakwenda kuzika. Nimeandika jina la binti yangu, na chini yake kuna mstari mtupu. Yule kijana kwao hakanyagi, na ni mimi niliyesababisha. Akifa leo sijui nani atampigia yowe. Nataka nimwandike hapo kama mwanangu. Lakini kuandika ni kuwafunga ninyi mje, na sitaki mfungwe bila kuulizwa. Kama kuna asiyeweza kuja kumzika, asimame aniambie sasa, nikiwa hai na masikio yangu mawili.

Kalamu ninayo. Mnasemaje?