Mikono Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, "Mkono wa mtu utanigusa siku ya kunilaza kaburini, si kabla."

Maneno hayo si yangu. Mimi hata mafua yakinipata naita ukoo mzima. Ni maneno ya mama tunayemkumbuka leo. Aliyasema mbele ya wauguzi wanafunzi, amenyooka kama rula, na hakuna aliyethubutu kucheka. Lakini dunia, kama mnavyoijua, haipendi kuwekewa masharti.

Tunamkumbuka mkufunzi wa wauguzi katika wodi ya utengamao. Narudia kwa waliochelewa kuongeza sauti: mkufunzi wa wauguzi, wodi ya utengamao. Ndiko anakopelekwa mtu aliyepigwa na kiharusi, au aliyeumia uti wa mgongo, ajifunze upya mambo ambayo mimi na wewe tunayafanya huku tukipiga soga. Kuvaa shati. Kushika kijiko. Kutoka kitandani na kufika chooni bila kumsumbua mtu.

Usoni walimwita Mwalimu. Mgongoni walimwita Mikono Nyuma. Jina hilo lilitokana na kazi yake. Muuguzi mpya akiingia wodini, somo lake la kwanza halikuwa sindano wala dawa. Lilikuwa kusimama kando ya mgonjwa, mikono imefungwa nyuma, na kusubiri. Mgonjwa anahangaika na soksi, wewe unasubiri. Anatoka jasho, unasubiri. Unamwambia neno moja tu: "Unaweza."

"Ukimfanyia analoliweza umemwibia," Mwalimu alisema. "Na kumwibia mgonjwa ni wizi usio na hata kesi."

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja waliyemwita Umeme, kwa sababu mikono yake ilifika kabla ya akili. Siku moja alimkuta fundi cherehani, mzee aliyepooza upande wa kulia, akipigana na kifungo cha shati. Umeme akakirukia. Mwalimu akakohoa mara moja tu. Mikono ikarudi nyuma yenyewe, kama mbwa aliyeitwa nyumbani.

Chai ya mzee ikapoa. Mzee akamtukana Mwalimu, akamtukana aliyemwajiri, akamtukana hata aliyebuni vifungo. Mwishowe kifungo kikaingia.

"Kimeingia tundu la jirani," mzee akasema.

"Jirani atavumilia," Mwalimu akajibu. "Cha pili."

Miezi ikapita, na yule fundi akatoka wodini kwa miguu yake, kwa fimbo. Mlangoni alimkumbatia Mwalimu kwa mkono mmoja. Umeme alishuhudia. Anasema Mwalimu alisimama wima kama mlingoti, hakujua mikono yake aiweke wapi.

Sasa twende nyumbani kwake. Vyumba viwili, kitanda kimoja, kikombe kimoja kwenye kichanja na vingine kabatini, vimefunikwa kwa kitambaa. Mumewe alifariki mapema. Mtoto hawakujaliwa. Mdogo wake wa kike, ambaye yuko nami hapa studioni na ananitazama kama mkaguzi wa shule, alikuwa anaishi mji mwingine. Basi Mwalimu alikuwa na desturi. Asubuhi akitoka, aliiacha redio ikizungumza. Jioni akifungua mlango, anakuta mtu anaongea. Wakati mwingine mtu huyo nilikuwa mimi, nikitangaza bei ya mafuta. Na yeye, mdogo wake anasema, alikuwa akinijibu: "Na wewe pole kwa kazi."

Akastaafu. Haukupita muda, ugonjwa ukaingia kwenye misuli yake na kuanza kumla nguvu kidogo kidogo. Daktari hakumficha: huu si wa mazoezi. Huu haurudi nyuma. Tuliweke hilo vizuri, wasikilizaji. Ugonjwa wake haukuwa wa mazoezi.

Lakini nani angewaambia wanafunzi wake? Walikuwa wengi, wameshakuwa wauguzi kamili, na walimpenda kweli. Walikuja kumwona kwa zamu. Walimmiminia chai, wakakiweka kikombe mezani, mbali kidogo, mahali pa kumfanya ajitahidi. Kisha wakasimama kando ya kitanda. Mikono nyuma.

"Mwalimu, unaweza."

Mwalimu alinyoosha mkono. Akakivuta kikombe. Nusu ya chai ikafika mdomoni, nusu ikaenda kifuani. Wakampigia makofi. Wakamuaga kwa heshima zote, wakaondoka. Mlango ukafungwa, na yeye akabaki na blauzi inayopoa mwilini.

Mdogo wake alipohamia kwake, siku ya kwanza alimkuta hivyo.

"Dada, mbona hukuwaambia wakunyweshe?"

"Nitawaambiaje? Hilo somo ni langu. Nimelifundisha vizuri mno."

"Basi nitakunywesha mimi."

"Wewe si muuguzi. Utaniloanisha hadi mto."

Mganga hajigangi, wahenga walisema. Wakasahau kusema kwamba hata kuomba kugangwa ni kazi kwake.

Lakini aliomba. Mara moja. Ilikuwa mchana, zamu ya Umeme. Mdogo wake alikuwa jikoni, akasikia kila neno.

"Mwanangu," Mwalimu alisema, "leo leta mikono mbele. Nishike."

Umeme akacheka. "Aa, Mwalimu. Unanijaribu. Mimi sidanganyiki tena."

Kisha Mwalimu naye akacheka.

"Umefaulu," akasema.

Umeme akaondoka na furaha yake. Wasikilizaji, huyu ndiye binti aliyekemewa kuliko wote kwa kusaidia haraka. Jana alizungumza nami kwa simu, akaniambia hivi: "Nilidhani ni mtihani. Kwake kila kitu kilikuwa mtihani."

Siku ile, mdogo wake Mwalimu alitoka jikoni mikono ina povu la sabuni, akamfuata Umeme hadi barabarani. "Rudi," alimwambia. "Hakuwa anakujaribu."

Umeme akarudi. Alivua viatu, akapanda kitandani, akamweka Mwalimu kifuani kama mtoto, akamnywesha chai kwa kijiko. Mwalimu hakumkosoa hata kidogo. Alilala mikononi mwake, na Umeme akakaa hivyo hadi miguu ikafa ganzi.

Wiki iliyofuata, asubuhi, mdogo wake alitoka kwenda dukani kununua mkate. Aliporudi, Mwalimu alikuwa ameshakwenda. Mikono juu ya shuka. Hapakuwa na mtu chumbani.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mdogo wake aliye hapa. Tunawapa pole wauguzi wote aliowafundisha, na wote wanaojifungia vifungo leo kwa sababu yake. Alifundisha kusubiri, na kusubiri kumewainua wengi. Tutafakari jambo moja tu. Kila mmoja wetu ana mtu wake hodari, yule asiyeomba. Usingoje aombe. Nenda kamwone.

Naona mdogo wake anataka kuongeza neno. Sogea karibu na maikrofoni, mama.

"Asante, mwanangu. Umesema vizuri. Mama yako anakaa na nani?"

Mama yangu? Anakaa mwenyewe.

"Umemwona lini?"

Eh, mama, hilo tena halikuwa kwenye mazungumzo yetu. Mama yangu hana shida. Yule ni mtu ngangari. Anajiweza.

"Hata dada yangu alikuwa anajiweza, mwanangu."