Oswald Ntahondi, Aliyewafuata Nyangumi Madagaska

Oswald Thobias Ntahondi, tunayemsindikiza leo kutoka nyumbani kwake Rusimbi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 katika kijiji cha Kagunga, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Thobias Ntahondi na Bibi Melania. Baba yake alikuwa mvuvi. Oswald, kwa maneno ya mama yake, alikuwa mtoto wa kumwangalia samaki kwenye sahani mpaka mchuzi unapoa.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, akaendelea na sekondari Kigoma mjini, na mwaka 2000 akahitimu shahada ya elimu ya viumbe wa majini jijini Dar es Salaam. Chuoni ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza sauti ya nyangumi, iliyorekodiwa kwenye kaseti. Tangu siku hiyo alitamani kumwona kwa macho yake.

Mwaka 2001 aliajiriwa Kigoma kuwa mtafiti wa samaki wa ziwa, kazi aliyoipenda mpaka mwisho. Mwaka 2006 alipata nafasi katika kundi la watafiti wa nyangumi huko Madagaska, kwa sharti la kujiombea kibali mwenyewe, tena kwa Kifaransa. Hakujua Kifaransa. Akaelekezwa Ujiji kwa Mwalimu Elida Martini, ambaye wazazi wake walitoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo wanakozungumza Kifaransa, amtafsirie maombi yake: "Ninaomba kuingia majini kuwafuata nyangumi."

Jibu lilikuja kwamba ombi limekataliwa, kwa kuwa uvuvi wa nyangumi ni marufuku. Oswald akarudi Ujiji nalo.

"Mwalimu, umeniombea kuvua nyangumi!"

"Si umeandika unawafuata? Hapa kwetu mtu akifuata dagaa, anawafuatia nini?"

"Mimi nawafuata kwa nyuma, Mwalimu. Niwatazame."

"Uchome mafuta yote hayo, utazame, halafu urudi na ndoo tupu?"

"Ndiyo."

"Basi kaka, kaa chini. Unahitaji msaada kuliko nilivyodhani."

Waliandika upya pamoja, na kibali kikatoka. Julai 2007 Oswald alimwona nyangumi wake wa kwanza, akampigia simu Elida kabla hajawapigia ofisini. Walifunga ndoa tarehe 13 Desemba 2008.

Kuanzia hapo kila ombi la kibali liliandikwa na Elida, yakiwemo ya vijana wa Kigoma ambao Oswald aliwasaidia kwenda. Ila Elida mwenyewe hakuwahi kumwona nyangumi, maana nafasi za botini zilikuwa za watafiti tu. Jambo hili lilimkaa Oswald rohoni. Alipoanza kuugua moyo, mwaka 2023, aliomba Elida aingizwe kwenye kibali kama mkalimani. Ombi likakataliwa. Akaomba tena, safari hii akiwa kitandani.

Kibali chenye majina yao wote wawili kilitoka mwezi uliopita. Elida akamwambia hawezi kwenda popote wakati yeye yuko wodini. Oswald akamjibu kwa sauti ndogo, "Mama Scola, nyangumi hawajui kwamba naumwa. Julai watapita tu. Nenda ukawaone."

Alifariki hospitalini hapa Kigoma asubuhi ya Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Ameacha mama yake mzazi, Bibi Melania. Mke wake, Elida. Watoto wawili, Scola na Feliksi. Na ndugu zake wanne. Jana, katika kikao cha familia, palizungumzwa kama ni sawa mjane kusafiri mapema hivyo. Bibi Melania alisikiliza wote, kisha akasema, "Aende. Mwanangu hakuomba kibali ili kikae kabatini."

Elida atasafiri Julai. Oswald, pumzika kwa amani.